Kesi ya Trafiki Si Kesi Yako ya Fidia

Watu wengi wanaogongwa na magari au kupinduka na mabasi katika barabara zetu za Dodoma huamini kwamba dereva akishafikishwa mahakamani na kutozwa faini, suala lao limekwisha. Kwa kweli suala lao bado halijaguswa. Kesi iliyosikilizwa ilikuwa ya Jamhuri dhidi ya dereva, faini iliyolipwa imekwenda serikalini, na majeruhi, ambaye pengine hata hakuitwa kutoa ushahidi kwa sababu dereva alikiri kosa siku ya kwanza, hakuwa mdai wala mdaiwa katika shauri hilo. Fidia ni dai jingine, lenye wadaiwa wake, ushahidi wake na muda wake wa kufunguliwa, na majeruhi au ndugu zake wasipolianzisha wenyewe, hakuna ofisi itakayolianzisha kwa niaba yao.

Ninaandika haya kama msaidizi wa kisheria, si kama wakili, na dai lolote kubwa linahitaji wakili. Lakini nimekaa katika kazi hii hapa mjini muda wa kutosha kuona kwamba wanaopoteza haki zao si wenye ushahidi dhaifu peke yao. Wengi walikuwa na dai zuri kabisa, wakangoja kesi ya trafiki iishe, wakarudi Bahi, Kongwa au Chemba kuuguza mguu, na walipokuja kuuliza, karatasi zilikuwa zimepotea, dereva amehamia mkoa mwingine na gari limeshauzwa.

Tuanze na msingi wenyewe. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, iliyotungwa mwaka 1973, ndiyo inayomwelekeza dereva: mwendo usiozidi kilomita 50 kwa saa kwenye maeneo ya makazi, kilomita 80 kwa mabasi na malori hata yakiwa nje ya makazi, kusimama pale ajali inapotokea na kutoa taarifa polisi. Akivunja masharti hayo anashtakiwa na kuadhibiwa. Haki ya majeruhi kulipwa, hata hivyo, haitoki hapo moja kwa moja. Inatoka katika kanuni ya sheria ya madai kwamba anayemletea mwenzake madhara kwa uzembe anawajibika kumfidia, na kwamba mwajiri huwajibika kwa uzembe wa mfanyakazi wake uliotokea akiwa katika kazi aliyotumwa. Ndipo inapoingia Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inayokataza gari kutumika barabarani bila bima ya kuwalinda watu wengine, yaani ile tunayoiita bima ndogo. Bima hiyo haimlipi dereva aliyesababisha ajali wala haitengenezi gari lake. Imewekwa kwa ajili ya mtembea kwa miguu wa Ihumwa na mwendesha baiskeli anayetoka shambani Mkonze. Wamiliki wa magari huichukulia kama kitu cha kumwonyesha trafiki, na wale waliotungiwa sheria hiyo wengi wao hawajui hata kama ipo.

Kusema kwamba kesi ya trafiki si yako hakumaanishi kwamba haina faida kwako. Ina faida mbili, na zote hupotea kwa kutofuatiliwa. Kwanza, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inaipa mahakama iliyomtia mtu hatiani mamlaka ya kuamuru aliyeumia alipwe, hata kutoka katika faini yenyewe. Sikumbuki kuona mamlaka hayo yakitumika mara nyingi katika kesi za ajali, na kwa maoni yangu sababu ni nyepesi: hakuna anayeyaomba. Hakimu hawezi kukisia kwamba majeruhi ameuza mbuzi wote wa familia ili kulipia vyuma vya mguu. Mwendesha mashtaka akipelekewa mapema nakala za risiti na maelezo ya daktari, anakuwa na jambo la kusema wakati wa kuomba adhabu. Kiasi kitakachoamriwa pengine kitakuwa kidogo, na kitazingatiwa baadaye katika dai kubwa, lakini kitafika wakati fedha zinahitajika zaidi.

Faida ya pili ni nzito kuliko hiyo. Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, inaeleza kwamba hukumu ya mwisho ya jinai iliyomtia mtu hatiani, muda wa rufaa ukishapita au rufaa ikishaamuliwa, huchukuliwa kuwa uthibitisho kamili kwamba mtu huyo alitenda kosa hilo. Maana yake ni kwamba ukifungua dai la fidia dhidi ya dereva aliyekiri kuendesha kwa uzembe, hutalazimika kuanza upya kubishana naye iwapo alikuwa mzembe au la. Mzozo unabaki kwenye ukubwa wa madhara na kiasi cha malipo. Kwa hiyo dereva anapokiri haraka ili alipe faini aondoke, amekusaidia bila kujua, mradi tu uchukue nakala ya hukumu iliyothibitishwa na mahakama. Nendeni masjala na namba ya kesi, mwombe nakala hiyo kwa barua, na msikubali kuondoka bila kujua ni lini itakuwa tayari.

Sasa niseme juu ya kumalizana, kwa sababu hapa ndipo haki nyingi zinapozikwa. Mama mmoja wa wilaya ya Bahi alikuja ofisini na bahasha ya kaki iliyochakaa. Mwanawe wa miaka 24, mwendesha bodaboda, alikuwa amegongwa na gari la mizigo na kuvunjika paja. Katikati ya picha za eksirei na kadi ya kliniki kulikuwa na ukurasa uliochanwa kwenye daftari la shule, umeandikwa kwa kalamu ya bluu: yeye, mama wa majeruhi, amepokea shilingi laki tatu na nusu kutoka kwa dereva, wameelewana, na hatakuwa na madai yoyote mengine sasa wala baadaye. Chini kulikuwa na dole gumba lake, saini ya dereva, saini za mashahidi wawili na muhuri wa serikali ya kijiji. Nilimuuliza, "Mama, siku mnaandikishana haya, kijana alikuwa wapi?" Akanijibu, "Mwanangu, alikuwa wodini, hata hajitambui. Waliniambia nisipoweka dole dereva atawekwa ndani na ile hela sitaiona."

Karatasi kama hizo zipo nyingi mno, na watu huziogopa kupita kiasi, kwa kudhani muhuri wa kijiji umefunga mjadala. Katika suala la mama huyu, dai halikuwa lake kulifuta. Kijana wa miaka 24 ni mtu mzima. Fidia ya mguu wake ni mali yake, na mzazi hawezi kuiachilia kwa niaba yake bila kupewa idhini, tena akiwa hajitambui. Hata pale majeruhi anapokuwa amesaini mwenyewe, Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inataka ridhaa iwe huru, na mtu aliyetishwa au aliyedanganywa juu ya jambo la msingi anaweza kuupinga mkataba. Lakini ni vita ya ziada ambayo mtu mgonjwa hana sababu ya kujitafutia. Upande wa bima watailaza karatasi hiyo mezani kabla ya jambo jingine lolote.

Sisemi kwamba dereva au mmiliki akileta fedha za matibabu zikataliwe. Zipokelewe, na maandishi yawepo, ila maandishi yaseme ukweli: kwamba kiasi hicho ni mchango wa awali wa matibabu, kimepokelewa tarehe fulani, na hakiathiri haki ya majeruhi kudai fidia kwa dereva, mmiliki au kampuni ya bima. Sentensi hiyo moja inatosha. Dereva mwenye nia njema hatakuwa na sababu ya kuikataa, na fedha alizotoa zitapunguzwa katika hesabu ya mwisho, kama inavyostahili. Wenyeviti wa mitaa na vijiji wanaosoma hapa ningewaomba wakatae kugonga muhuri kwenye karatasi inayomfutia mtu madai akiwa bado yuko kitandani. Najua wanafanya kwa kutaka amani. Lakini daktari hajasema bado kama mguu utapona, na bei ya jeraha ambalo halijajulikana haiwezi kukubaliwa kwa haki.

Katika siku za mwanzo kinachohitajika ni kumtibu mtu na kutunza karatasi, kwa mpangilio huo. Mgonjwa wa dharura anapaswa kutibiwa kwanza, na fomu ya polisi namba 3, maarufu PF3, ikafuata. Ndugu mmoja abaki hospitalini na mwingine aende kituoni. PF3 ina sehemu inayojazwa na polisi na sehemu inayojazwa na daktari, na ile ya daktari ndiyo inayotaja majeraha na uzito wake, kwa hiyo isirudishwe kituoni kabla ya kutolewa nakala. Polisi pia hupima eneo la ajali na kuchora ramani yake, hukagua gari, na hatimaye hutoa taarifa za ajali ambazo kampuni za bima huzijua kwa namba zake za fomu, hasa PF 90 na PF 115. Wasamaria wenye simu waombwe picha walizopiga kabla magari hayajaondolewa: namba za usajili, alama za breki kwenye lami, mahali kilipoangukia chombo. Abiria wa basi atunze tiketi, kwa kuwa ikipotea anaweza kuulizwa kama alikuwamo kweli; tiketi ya kielektroniki yenye jina humwondolea usumbufu huo.

Kuhusu risiti nina jambo dogo ambalo limewaumiza watu wengi. Risiti za mashine za EFD, zile zinazotolewa na maduka ya dawa na hospitali, huchapwa kwenye karatasi ambayo maandishi yake hufifia kwa joto, na joto la Dodoma sote tunalijua. Yule mama alikuwa na risiti za dawa ambazo, kwa kukaa miezi kadhaa ndani ya bahasha iliyochomekwa chini ya bati, zilikuwa zimebaki vipande vyeupe kabisa. Aliweza kunitajia kila dawa na bei yake, lakini karatasi haikuwa na neno hata moja. Risiti itolewe nakala au ipigwe picha siku hiyo hiyo. Nauli nazo huhesabiwa: mtu anayesafiri kutoka Kondoa kwenda kliniki katika Hospitali ya Benjamin Mkapa na msindikizaji wake hutumia fedha ambazo baada ya mwaka zinakuwa nyingi kuliko bei ya dawa, na kwa kawaida hazina ushahidi wowote zaidi ya kumbukumbu zake.

Uzito wa jambo hili unatokana na namna mahakama inavyogawanya fidia. Kuna fidia mahususi, yaani hasara inayohesabika kwa shilingi: matibabu, vyuma, magongo, nauli, kipato kilichokwishapotea hadi siku ya kudai. Hii lazima itajwe waziwazi katika hati ya madai na ithibitishwe kikamilifu, na Mahakama ya Rufani imelirudia jambo hilo mara nyingi. Shilingi isiyo na ushahidi hailipwi, hata kama hakimu anaamini kabisa kwamba ilitumika. Kisha kuna fidia ya jumla, ambayo ni kwa ajili ya maumivu, ulemavu, kupungua kwa uwezo wa kufanya kazi na raha za maisha zilizopotea. Hiyo haihitaji risiti. Hakimu huipima kwa busara yake baada ya kuona kiwango cha madhara. Lakini busara nayo haina pa kusimama pasipo taarifa ya daktari inayoeleza ulemavu uliobaki na asilimia yake. Taarifa hiyo iombwe baada ya matibabu kufikia mahali ambapo daktari anaweza kusema kilichobaki ni cha kudumu, kwa sababu tathmini ya mapema mno huenda ikauona mguu mzima ambao mwaka unaofuata utakuwa mfupi kuliko mwenzake.

Mwendesha bodaboda hana hati ya mshahara, na mawakili wa upande wa pili hulijua hilo. Kipato chake bado kinaweza kuthibitishwa. Mwenye chombo anayepokea hesabu ya kila siku anaweza kuja kueleza ni kiasi gani kilikuwa kinaletwa, kiongozi wa kijiwe anaweza kutoa ushahidi, na taarifa ya miamala ya simu inaonyesha fedha zilizokuwa zikiingia kabla ya ajali na jinsi zilivyokoma baada yake. Hali ni hiyo hiyo kwa mama lishe wa stendi na mchuuzi wa mahindi wa Kibaigwa: daftari lake la mauzo, hata kama limeandikwa kwa penseli, ni ushahidi.

Nani adaiwe? Jibu la haraka la watu wengi ni dereva, na mara nyingi huyo ndiye asiye na kitu. Mmiliki ndiye wa kutafutwa, naye hapatikani kwa jina lililoandikwa ubavuni mwa lori wala kwa maneno ya utingo. Anapatikana kwa usajili wa chombo, ambao upo Mamlaka ya Mapato, na hapo huibuka tatizo letu la kawaida: gari limeuzwa mara mbili bila kubadilisha kadi, kwa hiyo jina la kwenye kumbukumbu ni la mtu ambaye hajaliona kwa miaka kadhaa. Wakili mwangalifu humuunganisha aliye kwenye kadi pamoja na anayelitumia, akawaacha wao wenyewe waelezane. Upande wa bima ni rahisi zaidi siku hizi, kwani Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, ina mfumo wa mtandaoni ambamo mtu yeyote akiingiza namba ya usajili ataona kama chombo kina bima hai na kampuni iliyoitoa. Fanya hivyo mapema na uhifadhi picha ya ulichokiona, ikionyesha kama bima ilikuwa hai siku ya ajali.

Kampuni ya bima ina mkataba na mmiliki, si na wewe, na kwa utaratibu wetu majeruhi humshtaki mmiliki na dereva, akipata hukumu bima hulazimika kuilipa kwa mujibu wa Sura ya 169. Ili wajibu huo usimame, kampuni lazima iwe imepewa taarifa ya kesi kwa wakati, nami hushauri barua ipelekwe kabla kesi haijafunguliwa, ipokelewe kwa muhuri na nakala ibaki kwako. Madai mengi, hata hivyo, huishia mezani bila kufika kortini, na hilo si baya ikiwa majeruhi amejiandaa. Nyaraka zikikamilika kampuni inatakiwa kulipa ndani ya siku 45. Kabla ya malipo utaletewa hati ya kukiri kwamba umeridhika na hutadai tena. Isomeni mstari kwa mstari, ikiwezekana mbele ya mtu anayeijua sheria, kwa sababu hati hiyo, tofauti na ukurasa wa daftari wa kule kijijini, imeandikwa na wanaojua wanachoandika, na ukishaisaini itakuwa vigumu sana kurudi nyuma. Na ikiwa chombo hakina bima hai, haki yako haijafa. Unabaki na dereva na mmiliki, na mali zao ndizo zitakazofuatiliwa wakati wa kukazia hukumu, yaani kuitekeleza.

Mji wetu una mambo mawili ambayo mikoa mingine huyaona kwa nadra. Kwa kuwa ni makao makuu, barabara ya kwenda Mtumba imejaa magari yenye namba za STK, STL, DFP na SU, yaani ya serikali, miradi na mashirika yake, na mtu aliyegongwa na gari la serikali hawezi kukimbilia mahakama ya wilaya kama anavyofanya kwa gari la mtu binafsi. Sheria ya Mashauri dhidi ya Serikali, Sura ya 5, inataka itolewe kwanza notisi ya siku 90 kwa taasisi husika na nakala yake kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, kisha kesi ifunguliwe Mahakama Kuu, na tangu marekebisho ya mwaka 2020 Mwanasheria Mkuu lazima aunganishwe hata pale mdaiwa ni halmashauri au wakala wa serikali. Kesi zisizofuata utaratibu huo hutupwa kabla hata ya kusikilizwa. Siku 90 zinaonekana nyingi. Kwa mtu aliyechelewa kuanza, zinaweza kumfikisha ukingoni mwa ukomo wa muda wa kufungua kesi.

Jambo la pili ni malori ya masafa. Dodoma ni njia ya mizigo inayotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Rwanda, Burundi, Uganda na Kongo, na ajali ya usiku kati ya Manyoni na Bahi inaweza kumhusisha dereva mwenye gari lililosajiliwa Kigali, ambaye kesho kutwa atakuwa amevuka mpaka. Wengi hukata tamaa hapo hapo. Magari hayo huingia nchini na Kadi ya Njano ya COMESA, jumuiya ya soko la pamoja la nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika; ni mpango wa bima ya kuvuka mipaka ambao Tanzania imo ingawa ilikwishajitoa katika jumuiya hiyo, na kadi hiyo inawalinda majeruhi wa nchi ambamo ajali imetokea kwa kiwango cha sheria ya nchi hiyo. Ofisi inayoshughulikia mpango huo kwa upande wa Tanzania ni Shirika la Bima la Taifa, NIC. Muhimu ni kwamba askari anayepima ajali anakili namba ya kadi hiyo na jina la kampuni iliyoitoa kabla lori halijaachiwa. Ndugu wa majeruhi anaweza kumkumbusha kwa heshima, nimeona likisahaulika.

Muda wa kufungua dai la uzembe ni miaka mitatu tangu ajali, kwa mujibu wa Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89. Mazungumzo na bima hayasimamishi saa hiyo, na ahadi za maneno za ofisa wa madai, kwamba faili liko mezani kwa bosi, hazikuongezei hata siku moja. Kwa mtoto muda huanza kuhesabiwa atakapofikisha umri wa mtu mzima, ila kungoja hadi hapo ni kujitafutia hasara, kwani mzazi anaweza kufungua kwa jina la mtoto akiwa kile mahakama inachokiita rafiki wa karibu, yaani mtu mzima anayemsimamia mtoto katika kesi, wakati mashahidi bado wanakumbuka. Dai lisilozidi shilingi milioni 200 hufunguliwa mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi, na kinachopima kiwango hicho ni fidia mahususi, si ile ya jumla. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, na nimefurahi kuona wazee wanaosikiliza kesi zao wenyewe wakielewa kinachosemwa.

Ajali ikiwa imeua, wategemezi, yaani mume au mke, watoto na wazazi, wana dai lao chini ya Sura ya 310, sheria inayohusu fidia ya ajali za vifo, nalo hupitia kwa msimamizi wa mirathi. Kwa hiyo kikao cha ukoo kinachochelewesha uteuzi wa msimamizi kwa sababu ya mzozo wa nyumba au ng'ombe kinachelewesha pia fidia ya watoto. Kwa marehemu ambaye mirathi yake inafuata sheria za kimila au za Kiislamu, mahakama ya mwanzo inatosha kwa uteuzi huo.

Aliyeumia akiwa kazini ana mlango mwingine ambao hauulizi nani alikuwa na kosa. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kazi tarehe 1 Julai 2015, hulipa matibabu, kipato kilichopotea na ulemavu wa mfanyakazi aliyeumia katika kazi yake, na mwajiri ndiye anayetakiwa kuchangia na kutoa taarifa. Dereva, kondakta, tarishi aliyetumwa na pikipiki ya ofisi, wote wanaingia humo. Taarifa isipofika kwenye Mfuko ndani ya miezi 12, haki inaweza kupotea, kwa hiyo mfanyakazi ambaye mwajiri wake anasuasua aende mwenyewe.

Kampuni ya bima ikikuzungusha au ikakataa kulipa kwa sababu usiyoielewa, lalamika kwa maandishi TIRA, au upeleke shauri kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ambaye hushughulikia madai yasiyozidi shilingi milioni 40 bila kutoza ada. Kwa asiyeweza kumlipa wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imeweka utaratibu wa watoa msaada waliosajiliwa, na hapa Dodoma wapo. Ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri inaweza kukuelekeza. Jihadharini na vishoka wanaopita wodini na fomu za kuweka dole, wakiahidi kufuatilia bima kwa makubaliano ya nusu kwa nusu. Mtu akijitambulisha kuwa wakili, jina lake liingizwe kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama. Kama halimo, asipewe hata nakala ya PF3. Na wakili wa kweli naye aandikishwe malipo yake kabla ya kazi kuanza, ikielezwa wazi kama fedha za bima zitaingia kwenye akaunti ya nani.